Mafuta ya Mabua: Tarikhi ya Lignini

Katika pwani ya mashariki na kusini ya Unguja, hususan Makunduchi, Jambiani na Paje, wanawake wamerithi kutoka kwa bibi zao kazi ya kufukia makumbi ya nazi katika mchanga na tope la ufukoni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, wakayaacha humo kwa miezi mingi mpaka nyama yake laini imeoza yote, kisha wakayafukua, wakayaponda kwa magongo, na wakapata usumba wa kusokotea kamba. Bahari, ambayo huila mbao na kukigeuza chuma kuwa kutu, haikuweza kuudhuru usumba huo upesi. Na kwa sababu hiyo wahenga wa Lamu na wa visiwa vya Wabajuni waliunda mitepe yao kwa kuzishona mbao kwa kamba za usumba pasipo msumari wa chuma, vyombo ambavyo mfano wake ulikwisha kutajwa katika karne ya kwanza na kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoeleza bandari za upande wetu huu wa Bahari ya Hindi. Kitu kilichouhifadhi usumba ule ni lignini, ambayo huchukua takriban sehemu mbili katika kila sehemu tano za uzito wake. Na kitu hicho hicho, ambacho kwa kadiri ndogo zaidi kimo pia katika mabua ya mahindi, makapi ya miwa, majani makavu ya ngano na kumvi za mpunga, ndicho ambacho wanakemia wa Ulaya, Marekani na Japani wamejitahidi kwa muda wa karne nzima kukigeuza kuwa mafuta, wakafaulu, wakaacha, wakarudi tena, na wakaacha tena.

Yafaa kwanza tufahamu asili ya kitu chenyewe. Mti, na hata bua la mtama, umejengwa kwa nyuzi nyembamba za selulosi, na baina ya nyuzi hizo imejazwa lignini, kama udongo unaokandikwa baina ya fito za nyumba ya miti, ili mmea upate kusimama wima, upitishe maji katika mishipa yake bila ya kuvuja, na uwazuie kuvu na wadudu wasiule kwa wepesi. Katika mbao lignini huwa aghalabu baina ya asilimia 20 na 30 ya uzito. Katika mabua na majani makavu ya nafaka huwa baina ya 15 na 20 hivi. Selulosi ni sukari zilizofungamanishwa kwa nidhamu, kila kiungo sawa na mwenziwe, na mtu akijua kukifungua kimoja amejua kuvifungua vyote. Ilhali lignini haina nidhamu hiyo, kwani imefanyizwa kwa pete za kaboni, kila pete yenye atomi sita, zilizounganishwa kwa viungo vya namna nyingi, vingine dhaifu na vingine imara mno. Pete hizo ndizo thamani yake, kwa kuwa ni za jinsi ile ile ipatikanayo katika lami ya makaa ya mawe na katika mafuta ya ardhini, ambayo kwayo viwanda vya leo hufanyiza rangi, dawa, plastiki na mafuta ya kuendeshea mitambo. Na madhali lignini ina oksijeni kidogo kuliko selulosi, kilo moja yake ikichomwa hutoa joto jingi zaidi. Katika vyote viotavyo juu ya ardhi hakuna kingine chenye hazina ya pete kama hizo kwa wingi unaoukaribia wake.

Watu walianza kupata mafuta kutokana na mti kabla hawajajua kuwa mna lignini ndani yake. Katika misitu ya Finland, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya ufalme wa Sweden, wakulima waliuchuna msonobari magome ukiwa umesimama, wakauacha miaka kadhaa ujijaze utomvu, wakaukata, wakaupasua na kuupanga katika shimo lenye mwinamo lililofunikwa kwa nyasi na udongo, kisha wakautia moto uliobanwa usipate hewa ya kutosha, wakakesha siku nyingi wakiulinda usiwake; na chini ya shimo lami nyeusi ikatiririka polepole kuingia katika mapipa. Mwaka 1648 Dola ya Sweden iliunda kampuni yenye haki ya peke yake ya kuuza lami hiyo ng'ambo, na mji wa Oulu, ulio juu ya ghuba ya kaskazini, ukawa katika karne ya 19 mmojawapo wa bandari kuu za lami ulimwenguni, kwa sababu marikebu za Uingereza na Uholanzi hazikuweza kusafiri bila ya kupakwa lami mbao zake na kamba zake. Mabaharia wa pwani yetu hawakuihitaji. Wao walipaka jahazi zao sifa, yaani mafuta ya ini la papa, na chini ya mstari wa maji wakatia deheni ya shahamu na chokaa, jambo lionyeshalo kuwa kila bahari ilikuwa na dawa yake. Sehemu moja ya lami ile ya kaskazini ilitokana na utomvu wa msonobari, na sehemu nyingine ilitokana na mbao zenyewe zilizovunjwavunjwa na joto, na miongoni mwa mbao hizo lignini ilikuwa imetoa fungu lake. Kwa hiyo wale wakulima waliokesha kando ya mashimo ndio waliotangulia katika sanaa hii, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeandika neno juu yake.

Aliyeiingiza kazi hiyo katika elimu ni Johann Rudolf Glauber, Mjerumani wa karne ya 17, ambaye alipasha mbao joto katika chombo kilichofungwa, akaupoza moshi wake, akayaeleza maji makali kama siki yaliyopatikana. Lakini mtu ambaye mimi humhesabu kuwa ndiye aliyefungua mlango kwa kweli ni Karl von Reichenbach, aliyekuwa msimamizi wa viwanda vya Blansko katika nchi ya Moravia, mahali palipochomwa miti mingi kwa ajili ya kupata makaa ya kuyeyushia chuma. Wenziwe waliitazama lami iliyobaki katika mitambo kuwa ni uchafu wa kutupwa. Yeye aliichukua lami ya mti wa biichi akaichuja na kuitenga kwa subira ya ajabu, mara kwa mara, akapata nta nyeupe ya parafini mwaka 1830, na mwaka 1832 akapata kreosoti, mafuta yenye harufu ya moshi ambayo yaliweza kuizuia nyama isioze na yakaingia katika dawa za matabibu wa zama zile. Leo twajua kuwa kreosoti ya Reichenbach ilikuwa, kwa sehemu yake kubwa, vipande vya lignini iliyovunjwa na moto. Alikuwa ameyashika mafuta ya lignini mkononi mwake, akayasifu ipasavyo, na hakuweza kujua yametoka wapi.

Baada yake viwanda vya kutonesha mbao vilienea Ulaya na Marekani, navyo viliishi kwa bidhaa tatu au nne: makaa, siki ya mbao, asetoni, na ile pombe kali isiyonyweka iitwayo methanoli, ama lami, aghalabu waliichoma chini ya mitambo yao wenyewe. Mwaka 1923 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kule Leuna kufanyiza methanoli kwa gesi zitokanazo na makaa ya mawe, kwa bei ambayo mbao hazikuweza kuifuata, na viwanda vile vya misituni vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Huu ulikuwa msiba wa kwanza wa namna yake, nao utarudiwa katika tarikhi hii: kitu cha shambani au cha msituni kushindwa na kitu kilichochimbwa chini ya ardhi, si kwa ubora, bali kwa urahisi wa bei.

Turudi nyuma kidogo: jina la lignini lilitolewa mwaka 1813 na mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Augustin Pyramus de Candolle. Hata mwaka 1838 Mfaransa Anselme Payen alizitia mbao katika tindikali na magadi kwa zamu, akabakiwa na nyuzi nyeupe safi alizozipa jina la selulosi, na kile kilichoyeyuka kikatoka akakihesabu kuwa ni ukoko tu uliozigandama nyuzi. Payen alikuwa mwanachuoni mkubwa na kazi yake ni ya kuheshimiwa. Walakini naona kuwa katika tukio hilo ndimo ulimozaliwa mwenendo ambao umeidhulumu lignini mpaka zama zetu, yaani mwenendo wa kuiendea selulosi kuwa ndiyo matilaba, na kuipima lignini kwa jinsi inavyozuia matilaba hiyo isipatikane. Mtu akifanya kazi kwa nia ya kukiondoa kitu, hatajali kimeondoka katika hali gani.

Viwanda vya karatasi vilirithi mwenendo huo na kuukuza kupita kiasi. Karatasi ya zamani ilitokana na matambara ya pamba na kitani, ambayo lignini yake ni haba. Lakini wasomaji wa magazeti walipozidi katika karne ya 19 matambara hayakutosha, ikawa hapana budi kutumia mbao, na mbao haziwi karatasi nyeupe yenye kudumu mpaka lignini imetolewa. Mmarekani Benjamin Tilghman alipata mwaka 1867 hataza ya kuzichemsha mbao katika maji yenye tindikali ya kiberiti na chokaa. Msweden Carl Daniel Ekman akaitia njia ya namna hiyo katika biashara mwaka 1874 huko Bergvik. Na Mjerumani Carl Dahl, katika mji wa Danzig, akaanzisha mwaka 1879 njia ya magadi makali na salfidi, akapata hataza yake mwaka 1884, nayo ndiyo inayotawala viwanda vya karatasi mpaka leo. Njia zote mbili huacha maji mazito, ya hudhurungi au meusi, yenye lignini iliyoyeyuka, na kwa miaka mingi maji hayo yalimwagwa mitoni, samaki wakafa, na watu wa chini ya mto wakakosa maji ya kunywa. Katika miaka ya 1930 mhandisi G. H. Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi Canada, alitengeneza tanuri la kuyachoma maji meusi yaliyokwisha kukaushwa, likatoa mvuke wa kuendeshea kiwanda na kurudisha magadi yake yatumike tena, na tangu hapo ikawa ni desturi kwamba lignini ni kuni ya kiwanda cha karatasi na si zaidi. Viwanda vyetu vilifuata desturi hiyo hiyo: kile cha Webuye katika Kenya, kilichoanza kutoa karatasi mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009, ambacho harufu yake ya kiberiti ilijulikana na kila msafiri wa njia ya Eldoret na Bungoma; na kile cha Mgololo, Mufindi, kilichofunguliwa mwaka 1985 kutumia misonobari ya Sao Hill. Inakadiriwa kuwa viwanda vya karatasi vya dunia nzima hutoa takriban tani milioni 50 za lignini kila mwaka, na ni asilimia 2 hivi tu inayouzwa kuwa bidhaa, iliyobaki huchomwa.

Ama karatasi iliyofanywa kwa majani makavu ya nafaka, kama ilivyofanywa sana China na India, ilikuwa na shida yake pekee, kwa sababu mabua na majani ya nafaka yana silika, kitu cha jinsi ya mchanga, ambayo huyeyuka pamoja na lignini, kisha ikaganda katika mabomba na matanuri na kuyaharibu, basi wenye viwanda vidogo wakaona nafuu kuyamwaga maji yao meusi mtoni. Na mwaka 1996 Serikali ya China ililazimika kuvifunga viwanda vidogo vingi vya karatasi katika bonde la mto Huai, ambao ulikuwa umeharibika vibaya.

Si kwamba hapana aliyetambua kuwa ndani ya lignini mna mali. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walifanyiza vanilini, ambayo ndiyo roho ya harufu ya vanila, kutokana na kitu kilichomo katika maji ya msonobari, na jambo hilo likamfungulia Msweden Peter Klason njia ya kusema, mwishoni mwa karne ile, kuwa lignini ni jamaa wa kitu hicho, kauli ambayo uchunguzi wa baadaye uliithibitisha. Katika miaka ya 1930 vanilini ikaanza kufanyizwa kwa maji machafu ya viwanda vya karatasi, na kiwanda cha Borregaard katika mji wa Sarpsborg, Norway, kinaendelea kuifanyiza kwa lignini mpaka sasa. Wakulima wa vanila wa Komoro na Bukini, wanaolichavusha kila ua kwa mkono, waliona bidhaa yao ikishindanishwa na mabaki ya misitu ya kaskazini, na baadaye zaidi na vanilini ya mafuta ya ardhini ambayo bei yake ni ndogo kuliko zote. Lakini vanilini ni ya kupimwa kwa gramu, na lignini ni ya kupimwa kwa mamilioni ya tani. Harufu peke yake isingeweza kuimaliza.

Hoja ya kuigeuza mafuta ilitokana na upande mwingine kabisa. Friedrich Bergius, aliyezaliwa mwaka 1884 karibu na mji wa Breslau, alionyesha kuwa makaa ya mawe yakisagwa na kupashwa joto chini ya mgandamizo mkubwa pamoja na haidrojeni hugeuka mafuta. Akapata hataza yake mwaka 1913, na mwaka 1931 akatunukiwa pamoja na Carl Bosch Nishani ya Nobel ya kemia. Madhali makaa ya mawe yenyewe ni mimea ya kale iliyozikwa, ilikuwa ni kawaida akili kuuliza: kwa nini tusiyafanyie vivyo hivyo mabaki ya mimea ya leo, bila ya kungoja mamilioni ya miaka? Bergius mwenyewe aliziendea mbao kwa njia nyingine, akatumia tindikali kuigeuza selulosi kuwa sukari, na kwake pia lignini ilikuwa ni machicha yaliyobaki. Waliolijibu swali lile ni wataalamu wa Wisconsin, nchini Marekani: mwaka 1938 Harris, D'Ianni na Adkins walitangaza kuwa wameitia lignini ya mbao ngumu pamoja na haidrojeni na kichocheo cha shaba na kromiamu katika chombo kilichofungwa, kwa joto la zaidi ya nyuzi 250 za sentigredi, na ile dutu ya hudhurungi ikageuka kuwa vimiminika safi, methanoli ikiwa mojawapo, na vingine vikiwa ni zile pete za kaboni zilizoshiba haidrojeni. Ninapoikumbuka habari hiyo najiuliza ingekuwaje lau kama mafuta ya ardhini yangalikuwa adimu katika Marekani ya siku zile; lakini mwaka ule ule wa 1938 mafuta yalipatikana kwa wingi Kuwait na Dammam, na kazi ya Wisconsin ikabaki kuwa hazina ya maktaba.

Wajapani, ambao hawana mafuta ya kutosha chini ya ardhi yao, waliifufua kazi hiyo baada ya vita. Taasisi ya Noguchi ilitafuta katika miaka ya 1950 vichocheo vilivyoweza kuvunja lignini ya viwanda vya karatasi na kuiacha katika hali ya fenoli nyepesi, zenye soko katika plastiki na dawa. Kampuni ya karatasi ya Marekani, Crown Zellerbach, ikaichukua njia hiyo na kuijaribu zaidi, mwisho ikaona kuwa gharama ya haidrojeni na ya kuzitenga fenoli zilizochanganyikana inapita faida. Walishindwa pia na jambo ambalo wakati huo lilikuwa halijafahamika vizuri, nalo nitalieleza mahali pake, kwa kuwa ndilo kiini cha mambo.

Mwezi Oktoba 1973 wauzaji wa mafuta wa nchi za Kiarabu waliwawekea vikwazo wanunuzi wao wa Magharibi, na katika muda wa miezi michache bei ikapanda takriban mara nne. Ghafla kila jani kavu likawa na wakili wake. Serikali ya Marekani ilijenga mtambo huko Albany, katika jimbo la Oregon, wa kugeuza vipande vya mbao kuwa mafuta kwa joto na mgandamizo, na mwaka 1977 ikafungua taasisi ya utafiti wa nishati ya jua katika mji wa Golden, Colorado, ambayo mabaki ya mimea yalikuwa miongoni mwa masomo yake. Lakini maendeleo yaliyodumu yalitokea Canada, katika Chuo Kikuu cha Waterloo, ambako Donald Scott na Jan Piskorz, mapema katika miaka ya 1980, waliikamilisha njia ya kuunguza upesi bila hewa. Unga mkavu wa mbao au wa mabua hutiwa katika mchanga wa moto uliopeperushwa kwa gesi isiyo na oksijeni, joto likiwa karibu nyuzi 500. Unga huo haupati nafasi ya kuwaka, bali huvunjika ukawa mvuke, na mvuke huo, kabla hazijapita sekunde mbili, hupozwa kwa ghafla ukawa mafuta meusi. Kwa mbao, baina ya asilimia 60 na 75 ya uzito hugeuka mafuta. Na hapo mwenye kulinganisha na lile shimo la Finland ataona kuwa kanuni ni ile ile, isipokuwa kazi ya siku nyingi imefupishwa ikawa ya kufumba na kufumbua jicho.

Mafuta hayo, ambayo hapa nitayaita mafuta ghafi ya mimea, yana aibu zake, na haifai kuzificha. Ni makali kama siki, hata yanakula vyuma vya kawaida. Yana maji ndani yake, aghalabu baina ya asilimia 15 na 30, ambayo hayawezi kutengwa kwa wepesi. Joto lake halifiki nusu ya lile la mafuta ya tanuri yatokanayo na ardhi. Hayachanganyiki na dizeli. Nayo hayatulii, kwani yakiwekwa ghalani yanazidi kuwa mazito mwezi kwa mwezi. Sehemu yake isiyoyeyuka katika maji, ile iliyo nzito kama asali nyeusi, ndiyo iliyotokana na lignini, na ndiyo yenye pete zile za thamani, lakini ndiyo pia inayoongoza katika kuganda. Na mtu akifikiri aunguze lignini tupu ili apate hiyo sehemu peke yake, atakuta kuwa lignini huyeyuka na kuvimba kabla haijavunjika, ikaziba mlango wa mtambo, na sehemu yake kubwa ikageuka makaa. Mabaki ya mavuno yana mtihani wa ziada, kwa maana majivu yake yana potasi nyingi, na potasi huusukuma mvuke uvunjike kuwa gesi na maji, hivyo bua hutoa mafuta machache kuliko mbao. Mnunuzi wa kwanza mwenye kuaminika hakuwa mwenye gari wala mwenye mtambo wa umeme. Alikuwa ni mtengenezaji wa ladha ya moshi kwa ajili ya nyama, katika jimbo lile lile la Wisconsin. Mwaka 1986 bei ya mafuta ya ardhini ilianguka, na wengi wakaondoka. Waliosubiri walipata kuona mtambo wa Joensuu, Finland, ukianza mwaka 2013 na ule wa Hengelo, Uholanzi, mwaka 2015, yote miwili ikitumia mabaki ya miti na kuyachoma mafuta yake katika matanuri ya joto na mvuke.

Katika miaka hiyo hiyo mabaki ya mavuno nayo yalipewa nafasi yake, kwa nguvu na kwa fedha nyingi. Huko Crescentino, Italia, mwaka 2013, na katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 2014 na 2015, vilifunguliwa viwanda vikubwa vya kugeuza majani ya ngano na mabua ya mahindi kuwa ethanoli. Vilichukua sukari za mabua, na lignini vikaiacha chini ya pipa na kuitia katika tanuri, kama ilivyokuwa desturi tangu zama za Tomlinson. Na kwa kuwa sehemu ya tano au ya sita ya kila tani iliyokusanywa kwa gharama shambani ilikuwa ikihesabiwa kuni, hesabu zao hazikuweza kustahimili. Mwaka 2017 kile cha Crescentino kilisimama, na mmoja wa wenye viwanda vya Iowa akatangaza kuwa anakiuza chake. Sisemi kuwa lignini ndiyo sababu pekee. Marobota ya mabua yenye mchanga na mawe yalivunja mashine zao, na mafuta ya ardhini yalikuwa yameshuka bei tangu 2014. Lakini nasema kuwa hakuna tajiri wa mawese angalitupa chikichi, akajenga biashara kwa maganda peke yake.

Sasa nalieleza lile jambo nililoliahidi. Lignini inapotolewa katika mmea kwa tindikali au kwa magadi makali, vile viungo vyake dhaifu hukatika kwanza, na vipande vilivyokatika, kwa kuwa bado vina moto wa kuungana, hugeukiana papo hapo vikafungamana upya kwa viungo vya kaboni kwa kaboni, ambavyo ni imara kuliko vya mwanzo. Hivyo lignini ya kiwanda cha karatasi, ambayo Wajapani na Wamarekani walihangaika nayo, haikuwa lignini ya mti tena; ilikuwa imekwisha kukazwa na ile njia iliyoitoa. Wataalamu wa karne hii ndio walioigeuza ratiba: badala ya kutoa selulosi kwanza na kuuliza baadaye la kufanya na kilichobaki, wanaikamata lignini wakati ule ule inapotoka. Mwaka 2016 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, wakiongozwa na Jeremy Luterbacher, walionyesha kuwa kutia formaldehidi katika chungu huvifunika vile vipande visipate kushikana. Na katika Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, Bert Sels na wenziwe waliweka kichocheo na haidrojeni katika chungu hicho hicho cha kuchemshia mbao, wakapata mafuta ya lignini yaliyo mepesi na yenye kutulia, na mwaka 2020 wakatangaza njia kamili ya kufanyiza fenoli, propilini na malighafi ya wino kwa mafuta hayo, ilhali selulosi ikabaki salama kwa kazi zake. Harris na Adkins walikuwa karibu na jambo hili mwaka 1938. Kilichowakosesha ni kuanza na lignini iliyokwisha kutolewa katika mti.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki ataniuliza habari hizi zinamhusu nini. Mabua ya mahindi ya mkulima wa Mbeya au wa Trans Nzoia hayakulala bure shambani. Ng'ombe huyala wakati wa kiangazi, na yaliyobaki huilisha ardhi, na mwenye kuyahesabu kuwa taka hajauliza mwenye shamba. Mabaki ya mkonge ya Tanga, yanayotoka katika makorona kwa wingi ajabu, yana maji mengi na lignini kidogo, nayo yafaa zaidi kufanyizwa gesi, kama ilivyoonyeshwa Hale. Lakini makapi ya miwa ni jambo jingine. Huko Kilombero, Arusha Chini na Kakira yamekwisha kukatwa, kubebwa, kukamuliwa na kukusanywa mlangoni pa kiwanda kwa gharama ambayo sukari imekwisha kuilipa, na kadiri ya sehemu ya tano ya uzito wake mkavu, au zaidi, ni lignini. Kuyachoma ili kupata mvuke na umeme si kosa, na Kakira imeuza umeme huo kwa gridi ya Uganda kwa manufaa. Ila ni matumizi ya chini kabisa kati ya yote yanayowezekana, na tanuri jipya likishanunuliwa humfunga mwenyewe kwa miaka thelathini.

Kwa hiyo nawasihi wenye viwanda vya sukari, na wanafunzi wa kemia wa Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, wakati wanapopanga mitambo mipya, waanze hesabu kwa lignini na wamalizie kwa kuni, wasifanye kinyume chake. Na mahali pa kufanyia jaribio la kwanza ni pale kwenye lundo la makapi lililokwisha kulipiwa, si katika shamba la mtu.